Swala feki wa kitambaa anamvuta dume kweli au jamaa ananizuga?

Mbembe_wa_Missoula:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Mimi niko Missoula, Montana, mwaka wa sita sasa, nimekulia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu kwa wanaopajua. Kazini nina rafiki mzungu tunapiga naye shifti moja, mwaka huu tuliomba wote leseni ya antelopu (pronghorn, yule mnyama kama swala wa uwandani huku) ya upinde kwenye ile droo yao tukabahatika wote wawili, cheti cha upinde nimeshasomea, upinde ninao wa zile za puli nimenunua wa mtumba, mazoezi nafanya kila jioni na kwa yadi 40 sikosi sana.

Sasa juzi kaniletea kitu nimecheka mpaka machozi. Ni picha ya swala imechapwa kwenye kitambaa, ndani kuna waya wa springi, ukiikunja inakuwa kama sinia la pilau, ukiiachia paa! swala kasimama ana fimbo mbili za chuma za kuchomeka chini. Anasema tutatembea tumejificha nyuma ya hicho kitambaa na dume la kweli litatufuata lenyewe mbio. Hapo ndo nashindwa kuelewa, hawa wanyama niliwaona mwaka jana kwa mbali huko mashariki, gari ikisimama tu kilomita nzima wanakuangalia, ukishuka wameondoka. Mnyama mwenye macho vile adanganywe na shuka?

Kwa babu yangu Fizi kule Kongo najua walikuwa wanaita, mtu anachuchumaa porini anabana pua anatoa kilio kama mtoto wa swala mdogo kabanwa na kitu, na wale swala wa msituni wanakuja kweli, marehemu baba alinionyesha ule mlio pale kambini nikiwa mdogo. Lakini ile ni sauti na msitu mnene huoni mbele. Hapa ni uwanda mtupu kama meza. Kuna mtu kashawahi kutumia hivi vitu? Na je usalama ukoje, maana mke wangu kauliza swali moja tu, "kwa hiyo wewe unajifanya swala kwenye pori lenye watu wenye silaha?" nikakosa jibu.

kware_wa_Siaya:
Hahaha bibi yako ameongea point. Huku Kenya uwindaji ulifungwa 1977 kwa hiyo mimi sina la kukufunza, lakini babu yangu alikuwa akinasa kware na kware mwenzao. Anamweka mmoja kwenye kikapu, anapandisha juu ya mti mrefu ameusimamisha shambani, yule anaanza kuita asubuhi na wengine wanashuka kwa mitego hapo chini. Kwa hivyo hiyo ya kutumia mwenzao si ngeni. Tofauti kware wa babu alikuwa anapumua, huyo wako ni shuka. Hiyo sasa si kuwinda ni ukoni, utapeli tu.

Kipanga_Casper:
Mbembe karibu sana, mimi niko Wyoming mwaka wa kumi na moja, na Wyoming ndo jimbo lenye antelopu wengi kuliko lote kwa hiyo nimepata pa kufanyia makosa. Nimetumia hicho kitambaa misimu minne. Jibu fupi ni kweli anakuja, na akija anakuja vibaya, mara yangu ya kwanza dume lilitoka kama yadi 250 likafika kabla sijaweka mshale kwenye kamba, nikabaki namwangalia yeye ananiangalia mimi, akaondoka zake.

Ila lazima uelewe anakuja kwa nini. Watu wanadhani anadanganyika kwa kutoona vizuri. Anaona vizuri sana na hapo ndipo ulipo mtego wenyewe, kwa sababu anaamini macho yake kuliko pua. Elki (aina ya kulungu mkubwa wa huku) na kulungu wa kawaida kitu kikiwatia wasiwasi watazunguka mpaka wapate upepo wanuse, antelopu yeye akishaona umbo amemaliza. Na haliji kwa sababu ya upendo, linakuja kwa hasira. Katikati ya Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba dume linakuwa limekusanya majike yake, halilali halili linazunguka tu kuwarudisha, sasa ghafla linaona kijana asiyejulikana kasimama karibu na familia. Wivu unampanda, anakuja kumfukuza. Ndo maana feki yako iwe dume dogo, pembe fupi. Ukimwekea jitu lenye pembe kubwa madume mengine yanaona bora yaishi.

Sasa nje ya huo wakati usijisumbue. Agosti nilijaribu, walikimbia kama kawaida yao, na wakikimbia unajua tena, hawa wanatajwa kufika kilomita 88 kwa saa. Dume ambalo halina majike nalo mara nyingi linaangalia tu. Tafuta lenye majike, tena lenye usumbufu, ukiona kwenye darubini linakimbizana na kadume kengine ndo hilo hilo.

Kazi kubwa siyo kitambaa, kazi ni kufika. Ukikisimamisha ukiwa yadi 500 unamfundisha tu kwamba kuna kitu cha ajabu. Pitia kwenye makorongo, tambaa, goti zitachubuka na kuna ile miiba midogo ya dungusi inaingia mpaka kwenye kiganja, vaa glovu ngumu. Ukifika yadi 150 au 200 ukiwa bado umefichwa na mgongo wa kilima, subiri awe anahangaika na majike, inyanyue polepole kama swala aliyekuwa analala kainuka. Halafu mtazame matakoni. Zile nywele nyeupe za nyuma zikisimama zikatanuka kama ua ujue kashtuka anawapa wenzake ishara, imekula kwako. Zikiwa zimelala na manyoya ya shingoni yamesimama, anatembea amekaza miguu, huyo anakuja.

Mtu mmoja ashike feki, mwingine arushe. Wa kurusha avute upinde mapema, kabla dume halijasimama, maana akishasimama yadi 30 anakukagua na kiwiko chako kikisogea tu anaruka pembeni. Kipima umbali mpe anayeshika feki akunong'oneze.

Kuhusu ukoni, bwana kware, mbinu hii ni ya wenyewe wa nchi kabla ya springi na vitambaa. Watu wa uwandani walikuwa wanajifunika ngozi ya mbwa mwitu wanatambaa mpaka katikati ya nyati, kwa sababu nyati wenye afya hawajali mbwa mwitu mmoja mmoja, na mchoraji Catlin aliichora hiyo kwenye safari zake za miaka ya 1830. Na yule mchoraji wa ndege Audubon mwaka 1843 akiwa huko mto Missouri alilala chali akawa anarusha miguu hewani mmoja mmoja, antelopu akawa anasogea kuja kuangalia huyu ana shida gani. Mzee mzima. Udadisi wao unajulikana siku nyingi, hata kitambaa cheupe kikipeperushwa kilikuwa kinawaleta.

Mbembe_wa_Missoula:
Aksanti sana Kipanga, umeandika kitabu bwana. Hapo pa matakoni nimepapenda. Halafu jana nimesoma kitu nikashangaa, kumbe huyu siyo swala kabisa, ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi! Okapi wa kwetu Kongo! Nimemwambia jamaa kazini nakuja kuwinda shemeji yangu.

Mzee_wa_Matambwe:
Kijana, salaam. Mimi nilifanya kazi ya utraka (kufuata nyayo za wanyama) Selous miaka mingi kabla upande mmoja haujafanywa hifadhi ya taifa ya Nyerere mwaka 2019, sasa nimestaafu nafuga kuku. Nimesoma huu uzi nikatabasamu. Sisi sanamu hatukutumia hata siku moja ila chambo tumetundika sana, na nyie vijana msichanganye, chambo ni tumbo na sanamu ni moyo, kama alivyosema huyo wa Casper kwamba dume linakuja kwa wivu.

Chui unamtundikia paja la swala au ngiri kwenye mti ulioinama, na tawi lazima uchague lile ambalo jioni nyuma yake ni mbingu tupu, ili mwanga ukififia umwone amekaa kama kivuli. Nyama unaifunika majani, usipofunika tumbusi wanamaliza saa nne asubuhi na mgeni amelipa pesa zake anakutazama wewe. Kibanda unakijenga kwa nyasi za hapo hapo yadi 60 au 70, unaondoka, unarudi siku nyingine kuangalia kucha kwenye gome. Siku tatu, siku saba, siku kumi na moja tumekaa mle ndani na mgeni wa Kihispania anakohoa. Hakuna cha mbio hapo, ni kukaa tu na mbu.

Ninachotaka kukuambia ni kimoja. Ukimwita mnyama akuje kwako hujui ni nani mwingine kasikia au kaona. Sisi tulitundikia chui akaja simba, tumekaa kwenye kibanda cha nyasi na jike la simba linapita nyuma yetu hatua tano. Huko kwenu kuna nini?

Kipanga_Casper:
Shikamoo mzee. Swali zuri sana hilo. Kwa antelopu kwenye uwanda wazi wengi ni mbweha wale wa kimarekani tu wanakuja kuchungulia. Lakini kama atakwenda kwenye elki huko magharibi kwake Montana, kuna dubu wale wakubwa wa kijivu na simba wa milimani, na wewe umekaa umejificha unalia kama elki jike. Dawa ya pilipili ya dubu iwe kiunoni siyo kwenye begi. Na muusi (yule kulungu mkubwa kama ng'ombe wa kisasa, miguu mirefu) dume lake likiwa kwenye msimu hata mikono miwili umeinyoosha juu kama mapembe linaweza kukufuata, watu wanafanya hivyo Alaska na Kanada, wanakwangua vichaka kwa mfupa wa bega la ng'ombe uliokauka lidhani dume lingine linasugua pembe. Mimi hiyo nimewaachia wenyewe.

Mama_Zuhura_Columbus:
Nami niingie. Wadogo zangu mimi ni mwanamke, nina watoto wanne, na nawinda kulungu wa mkia mweupe hapa Ohio kwa krosboo (upinde wa kufyatua kama bunduki) mwaka wa nane, mume wangu ndo anabaki na watoto. Alinianzisha jirani, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu.

Kulungu ni tofauti na huyo wa kwenu. Mimi situmii kitambaa, nina yule wa plastiki anaachana vipande, kichwa, miguu, kiwiliwili unajazia miguu ndani. Kwanza harufu. Ukimshika kwa mkono mtupu umeharibu, navaa glovu za mpira toka nyumbani na namkalisha nje wiki nzima apoteze harufu ya stoo. Namsimamisha yadi 20 hivi mbele yangu upande upepo unakotokea, mwanzoni mwa Novemba, siyo kabla. Na uelekeo ndo siri yenyewe jamani, dume feki namgeuzia uso kwangu, kwa sababu dume la kweli likija kugombana halimwendei nyuma, linazunguka lije uso kwa uso, kwa hiyo linanipa ubavu au mgongo na macho yake yako kwa adui. Ukiweka jike ni kinyume, dume linamwendea nyuma, sitaki kueleza zaidi watoto wanasoma. Na huwa namng'oa pembe moja aonekane kapigwa mahali, mwenzie apate moyo wa kumwonea.

Mwaka juzi lilikuja moja limelaza masikio, nywele zimesimama mgongoni, likamgonga feki wangu kichwa kikaruka kikaanguka kule. Lenyewe likashtuka kuliko mimi! Liliruka likasimama linakitazama kile kichwa, yaani unaona kabisa linajiuliza nimefanya nini. Sikurusha, nilikuwa nacheka.

Kuhusu usalama, mkeo kasema kweli na usimpuuze. Mimi naogopa kitu kimoja kuliko vyote, ile safari ya kutoka kwenye gari mpaka unapokaa. Umebeba swala begani giza la alfajiri. Kichwa na pembe vinatokeza kwenye begi. Mimi nambeba vipande, ndani ya gunia la rangi ya chungwa kali, na juu nafunga kitambaa cha chungwa. Wakati wa bunduki simtoi stoo kabisa, hata aniombe nani.

Mbembe_wa_Missoula:
Dada Zuhura aksanti, nimemsomea mke wangu hiyo ya gunia akasema huyo mama nipe namba yake. Huku wakati wa bunduki sheria inadai chungwa inchi za mraba 400 juu ya kiuno, kwenye upinde peke yake hailazimishi, lakini naona nitavaa njiani halafu nivue nikishakaa. Septemba wanaowinda ndege na bunduki nao wako porini.

Kingine jamaa mwingine kazini kaniambia niweke na chumvi na tufaha pale tunapokaa ili wakae, naona kama siyo.

Kipanga_Casper:
Achana naye kabisa!! Montana chambo kwa wanyama wakubwa ni marufuku, na vile vispika vya kucheza sauti pia marufuku. Kitambaa chako ruksa, mdomo wako ruksa. Sheria za kila jimbo soma kile kijitabu cha mwaka husika usisikilize mtu wa kazini wala mimi.

Halafu kumbuka feki hata askari wa wanyamapori wanazo. Wanazo za roboti kabisa, ngozi ya kweli, kichwa kinageuka, mkia unatikisika kwa rimoti, wanaiweka kando ya barabara wao wamejificha kwenye miti. Mtu anashusha kioo cha gari anapiga hapo hapo barabarani, mara taa za buluu. Kwa hiyo ukiona dume zuri limesimama kando ya lami halikimbii, linatikisa mkia tu, pandisha kioo uende zako.

ustadh_wa_Minneapolis:
Kwa ndugu Waislamu wanaosoma, mshale unahalalisha mawindo ukisema Bismillah wakati wa kuuachia, na ukimkuta bado hai umchinje. Kuhusu sanamu tuwaachie wenye elimu zaidi, nisije nikaanzisha vita hapa.

kware_wa_Siaya:
Ustadh umekimbia swali 😂 Mbembe ulete mrejesho lakini, usipotee kama wale wa kuomba ushauri wa mkopo.

Mbembe_wa_Missoula:
Wakuu nimerudi. Sikupotea, nilikuwa nalala, mwili wote umechubuka.

Tulikwenda kupita Billings kule mashariki, shamba la mfugaji liko kwenye ule mpango wa jimbo ambao wenye ranchi wanafungulia wawindaji, unajiandikisha unaingia. Siku ya kwanza upepo. Hakuna mtu hapa aliyenitajia upepo! Kitambaa kilikuwa kinapiga makofi kama tanga la mtumbwi wa Ziwa Tanganyika, antelopu gani atamwonea wivu swala anayepepea. Mchana fimbo moja iling'oka kikaruka, nikakimbiza uwandani karibu nusu kilomita, nikajikwaa nikalala kifudifudi juu yake kukizuia, nikainua kichwa kuna madume mawili madogo yamesimama mbali kidogo yananitazama mimi. Nilimkumbuka yule Audubon. Upinde ulikuwa kwa jamaa.

Siku ya pili asubuhi upepo ukatulia. Tukaliona dume na majike saba, tukatambaa kwenye korongo kama saa nzima. Halafu wale hawaruki senyenge, wanapita chini ya waya, tulikuwa tunajua watapitia wapi. Jamaa akainua feki. Sekunde kama tano hakuna kitu. Halafu mzee... lilitoka pale kama pikipiki. Nywele za nyuma zimelala kama Kipanga alivyosema, nikavuta upinde mapema kama alivyosema, likasimama. Jamaa ananong'ona thelathini na mbili, thelathini na mbili. Pumzi iko vizuri, kialama cha kulengea kiko nyuma ya bega, hakuna kinachozuia, mkono hautetemeki. Nikaachia.

Likasikika tu kitu kama kupasuka kwa nguo, mshale umekwenda juu mawinguni huko, dume limeondoka na majike yake. Tunageuka kuangalia, sikio la kushoto la feki lina tundu! Nimempiga feki. Yadi moja mbele ya uso wangu. Nimeshindwa kuelewa maana nilikuwa naliona dume lote, sikio halikuwa kwenye njia ya macho yangu kabisa naapa.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya jamaa, mimi nashika feki, akalipata moja yadi 27 safi kabisa. Tuliwahi kuchuna na barafu ilikuwepo kwenye gari, nyama haikunuka chochote, nusu kanigawia, mke wangu kaipika na ugali wa muhogo, watoto wamemaliza. Leseni yangu bado iko mfukoni.

Kipanga_Casper:
Nimecheka hapa mpaka mke wangu kaja kuangalia. Hukukosea kulenga ndugu yangu. Jicho lako na kile kialama viko juu, mshale uko chini yake inchi kadhaa, na kwa hatua ya kwanza kutoka kwenye upinde unasafiri kwenye njia yake yenyewe ya chini. Macho yalipita juu ya sikio, mshale ukapita kwenye sikio. Mwenye feki awe anaishusha au kuiegemeza pembeni ukishavuta, ama wewe upige kutoka ubavuni siyo juu yake. Kosa langu sikukwambia.

Lishone hilo sikio na uzi wa nailoni. Wa kwangu ana viraka vitatu na bado wanakuja kumpiga.